Timu ya Kususa

Somo la kwanza lilikuwa la kula. Kingi aliamini kwamba mtu asiyejua kula hajui drafti, hata awe amesoma mpaka vitabu vimwogope, na hilo ndilo alilowaambia wafanyakazi sita wa kiwanda cha sabuni waliokaa mbele yake kwenye mabenchi mawili, wengine bado na aproni viunoni. "Kete yako ikiikuta ya mwenzio mbele, na nyuma yake pako wazi, unairuka, unaila," alisema. "Hakuna kuomba ruhusa." Akaila kete ya mlinzi wa getini na kuitia mfuko wa shati. Mlinzi, mtu mzima mwenye wajukuu, aliukodolea macho mfuko ule kama aliyeibiwa mchana kweupe.

Walikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kando ya kantini. Makabati ya chuma yalijipanga ukutani, na harufu ya sabuni ilikuwa nzito kiasi kwamba ukilamba midomo unaisikia. Meza waliyopewa ilikuwa mbovu. Kila mtu alipoweka kiwiko, kete ziliteleza kwenda upande mmoja. Kingi aliivumilia mara mbili, mara ya tatu akatoa karatasi mfukoni, akaikunja mara nne na kuisukumiza chini ya mguu uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Dereva wa lori, ambaye hakujua kukaa kimya, alisema mwalimu wao ana dawa ya kila ugonjwa, na wote wakacheka.

Karani wa kupokea mizigo hakucheka sana. Alikuwa binti mdogo kuliko wote pale, mwepesi wa macho, na kabla karatasi haijakunjwa alikuwa amekwisha kuona neno lililoandikwa juu kwa herufi nzito: KANUNI. Alifungua mdomo, akaufunga. Si adabu kumkosoa mwalimu siku ya kwanza, tena mwalimu mwenyewe akiwa mume wa Mama Usafi.

Mama Usafi ndiye aliyeileta karatasi ile nyumbani, mkononi, ikiwa ndani ya bahasha. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa kufagia kiwanda, kibarua wa kupanga foleni kila asubuhi na kusubiri aitwe. Afisa utumishi alipouliza kantini kama kuna anayemjua mtu wa kuwafundisha wafanyakazi drafti, wiki mbili tu, kwa ajili ya bonanza la viwanda, yeye ndiye aliyeacha kufuta meza na kusema kwa sauti ndogo kwamba mume wake anacheza kidogo. Hiyo "kidogo" ilikuwa heshima tu. Kwenye kijiwe cha fundi viatu, mumewe alikuwa akikaa kwenye kigoda kimoja tangu asubuhi, na waliokuja kumwondoa waliondoka wao. Jina la Kingi alipewa huko. Ufundi wake wa kupaka rangi ulikuwa umelala miezi kadhaa, maana watu walikuwa wameamua kuishi na kuta zilivyo.

Siku alipopewa bahasha, Kingi alisoma kichwa cha habari tu, akacheka. "Mimi nifundishwe drafti na karatasi?" alimwambia mkewe. Mkewe alimwambia ni vizuri aisome hata mara moja, wale watu wana mambo yao. Alijibu kwamba ataisoma. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini wahenga hawakupata kukaa kwenye kigoda cha fundi viatu.

*

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu kuliko zote ambazo Kingi alizikumbuka. Alioga mara mbili kwa siku. Shati lake lilipigwa pasi. Alipopita getini, mlinzi alisimama na kusema "Shikamoo mwalimu," ingawa mlinzi ndiye mkubwa kwa umri, na Kingi aliitikia "Marahaba" bila hata kuona haya. Watu wazima sita walimngoja yeye ndipo waguse kete. Kichwa kilianza kuvimba taratibu.

Katika wiki ya pili aliwapa siri yake. Kijiweni kwao, mtu akisahau kula, adui huinyanyua kete iliyosahau, huipuliza kama anayetoa vumbi, na huiondoa ubaoni. Hiyo ndiyo adhabu ya uzembe. Lakini Kingi alikuwa amegundua miaka mingi iliyopita kwamba adhabu hiyo inaweza kuwa biashara. Adui anakutegea kete moja, ukiila tu, yeye anakula mbili na kuingia kingi mwisho wa ubao. Basi usile. Jifanye hujaiona, sogeza kete nyingine mahali pazuri, mwache apulize moja, wewe mchezo umeushika.

"Hii inaitwa kususa," aliwaambia. "Umewekewa chakula kizuri, unasema sina njaa. Mwenye tamaa ndiye anayekufa kwenye drafti."

Walipenda sana. Dereva alianza kususa hata pasipo na sababu. Mlinzi, ambaye kula kwenyewe kulimpa tabu, alipata kususa mara mbili vizuri, na mara ya pili alimgeukia mwalimu wake na tabasamu la mtoto aliyefunga kamba za viatu peke yake. Karani tu ndiye aliyeuliza kama huko bonanza nako wanaruhusu. Kingi alimwambia drafti ni drafti. Karani alitupia jicho mguu wa meza, akanyamaza tena.

Kila jioni, baada ya mabenchi kuondolewa, Mama Usafi alifagia chumba kile. Aliiona karatasi chini ya mguu. Aliitambua kwa pembe yake ya bluu, maana aliishika njia nzima akiogopa isilowe. Alidhani mumewe amemaliza kuisoma, amehifadhi yote kichwani, na sasa anaitumia kwa kazi nyingine. Afisa utumishi alipomuuliza kwenye korido mambo yanakwendaje, alijibu kwa fahari kwamba zile kanuni mzee anazo zote kichwani.

Fahari hiyo ilikuwa na sababu. Kiwanda kilikuwa kikitafuta wasaidizi wawili wa stoo, ajira ya kudumu, yenye likizo na matibabu ya familia, na jina lake lilikuwa kati ya majina matatu. Orodha ingebandikwa baada ya bonanza. Kwa mtu aliyepanga foleni miaka minne, akirudishwa nyumbani siku nyingine kwa sababu tu msimamizi ameamka vibaya, hiyo haikuwa nafasi ya kazi, ilikuwa pumzi. Kingi alilijua hilo. Walikuwa wakilizungumza kila siku wakila.

*

Bonanza lilifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi mkubwa wenye meza nyingi zilizozungushiwa kamba. Timu ya sabuni ilivaa fulana nyeupe. Walipangiwa kuanza na kiwanda cha magodoro, na mpaka nusu saa ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kingi alisimama nyuma ya kamba, mikono mgongoni, akiwa amemwelekeza mkewe akae kiti cha mbele ili aone.

Karani ndiye aliyefika kwanza kwenye mtego. Kijana wa magodoro alimtegea kete moja, na kila aliyejua mchezo aliona kwamba akiila, mbili zake zinakwenda. Karani alivuta pumzi, akasogeza kete ya pembeni. Kijana aliinua mkono. Mwamuzi, mwanamke mfupi mwenye beji kifuani, akaja.

"Dada, hapa unakula."

"Hapana. Nasusa."

"Unafanya nini?"

"Nasusa," karani alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Aipulize kete yangu, tuendelee."

Waliokuwa meza za jirani waliacha michezo yao. Mmoja alirudia neno lile polepole, kama anayeonja kitu, na kicheko kikaanza. Karani alimtafuta mwalimu wake kwa macho. Kingi, badala ya kukaa kimya walau asikie, alipaza sauti toka nyuma ya kamba kwamba hiyo ni haki ya binti, asilazimishwe kula kama mgonjwa.

Mwamuzi alimsogelea akiwa na karatasi yenye pembe ya bluu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomaliza mambo. Alimwonyesha kwa kidole, kanuni ya nne: kula ni lazima, anayekataa anaonywa na kurudishwa ale, akikataa tena, mchezo umekwisha. Hakuna kupuliza kete popote. Akamuuliza kama hawakupewa nakala.

"Sisi tunacheza drafti ya kweli," Kingi alisema.

Ukumbi ulicheka sawasawa. Karani alirudishwa, akala ile kete moja, zake mbili zikaliwa, na kijana wa magodoro akaingia kingi. Dereva alianza kuhesabu kwa vidole mitego yote aliyokuwa ameijenga juu ya kususa, akagundua hana mchezo mwingine. Na mlinzi, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri na ambaye hakuwa ameelewa kelele ile inahusu nini, alisusa mara moja, akaonywa, akainamisha kichwa kwa heshima, akasusa tena. Mchezo ukakatwa. Yeye alidhani ameshinda. Alisimama, akampa mkono mwenzake, kisha akamgeukia mwalimu wake na lile tabasamu.

Kingi alitazama pembeni. Mkewe hakutazama pembeni. Alimpigia mlinzi makofi, peke yake, mpaka mtu mmoja akamgusa bega.

Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshindwa meza zote sita. Walipopanga foleni na sahani, mgawaji aliinua upawa na kuwauliza kama wanakula au wanasusa. Hata dereva alikosa la kujibu. Kuanzia hapo, kiwanda chao hakikuitwa tena kwa jina lake mle ukumbini.

*

Jumatatu afisa utumishi aliwaita wote ofisini. Meneja alikuwa amepigiwa simu na meneja wa magodoro, na simu hiyo haikuwa ya kumpa pole. Ofisi ilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikaliwa na afisa, kingine alipewa Kingi kama mgeni. Wachezaji sita walijipanga ukutani. Mama Usafi aliitwa toka kwenye kazi, akasimama mlangoni na glavu zake za mpira mikononi, maana hakuambiwa kama atakaa muda gani.

Afisa hakuwa na hasira. Alisema anataka kuandika ripoti, basi, na swali lake ni moja. Alifungua faili, akaondoa miwani.

"Mwalimu, ile karatasi ya kanuni niliyompa mama akuletee. Uliipata?"

Uongo mwingine mtu huupanga, huulea, huuchagulia siku. Huu ulitoka wenyewe. Kingi aliona nyuso sita ukutani, aliona karani amekaza macho kwenye ncha za viatu vyake, na kitu ndani yake kikakimbia kama panya aliyewashiwa taa.

"Karatasi?" alisema. "Mimi sikuletewa karatasi."

Karani hakusema kitu. Dereva, mdomo wake wote ule, hakusema kitu. Mlinzi alikuwa ameiona karatasi ile kila siku kwa wiki mbili karibu na kiatu chake, naye alitazama mbele kama yuko gwaride. Walimwita mwalimu. Mwalimu hasutwi.

Afisa alimgeukia mwanamke aliyesimama mlangoni na kumuuliza yeye anasemaje.

Mama Usafi alivua glavu moja, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nilisahau, bosi," alisema. "Ilibaki kwenye mkoba wangu. Nisamehe. Kosa ni langu."

"Ulisahau?"

"Nilisahau."

Afisa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaandika mstari mmoja na kufunga faili. Akawashukuru wote kwa kuja.

*

Siku hiyo mkewe hakugomba. Kingi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi angeuweza. Angepandisha sauti, angesusa chakula, mambo yangekwisha. Badala yake aliwekewa maji ya kunawa, akakaribishwa mezani, akaulizwa kama chumvi inatosha. Mkewe alizungumza naye kama anavyozungumza na shemeji aliyekuja mara moja na ataondoka kesho. Kila "karibu baba" ilimchoma.

Binti yao, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amezisikia habari njiani kwa rafiki yake ambaye shangazi yake anafunga katoni kiwandani. Alikuwa na hasira kwa niaba ya baba yake. "Lakini mama nawe," alisema akikusanya vyombo, "karatasi moja tu. Umemwaibisha baba mbele ya watu wote wale."

Mkono wa Kingi ulikuwa umeshika bilauri ya maji. Hapo ndipo mlango wa kusema ukweli ulipofunguliwa kabisa, bila hata kizingiti. Angesema neno moja tu. Alikunywa maji. Aliyanywa mpaka yakaisha.

"Ni kweli mwanangu," mama alisema. "Nilisahau."

Uso umeumbwa na haya, ndivyo tunavyosema, lakini iko haya inayokuja usoni na iko inayoshuka tumboni na kukaa huko. Ya Kingi ilishuka. Kijiweni hakwenda tena. Alijiambia kwamba mkewe amejitolea mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Akajiambia kwamba ni jambo dogo, wiki ijayo watu watakuwa na kicheko kingine. Alijiambia mengi, na kila alilojiambia lilikuwa na ukweli kidogo, ndiyo maana halikumsaidia.

Alhamisi mkewe alirudi mapema kidogo, akavua viatu, akakaa. Orodha imebandikwa, alisema. Majina ni mawili, lake halimo. Msimamizi amemwambia kwa utani kwamba mtu anayesahau ukurasa mmoja, stoo yenye maelfu ya katoni ataisahau yote. Aliyasema haya yote bila kubadilisha sauti, akijisugua kisigino.

"Nitakwenda," Kingi alisema. "Nitamwambia afisa karatasi niliipata."

"Usiende."

"Mama, kosa ni langu mimi."

"Najua ni la nani." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuligusa jambo lile, na alilishusha palepale. "Sikiliza, baba. Sasa hivi mimi ni mtu aliyesahau. Mtu aliyesahau anasamehewa, mwaka kesho jina lake linarudi. Ukienda kusema uliipata, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa nimesimama mbele ya bosi wangu nikasema uongo. Utaniondolea na hicho kidogo kilichobaki?"

Kingi alikuwa amefikiri kwamba ukweli ni kitu alichokiweka akiba, kwamba siku akizidiwa ataufungua na kuutumia. Mkewe alikuwa anamwonyesha kwamba umeoza.

*

Ijumaa alikwenda hata hivyo. Alijipa moyo kwamba ataongea na mlinzi tu pale getini, apime upepo. Mlinzi alimkaribisha kwenye kibanda chake, akampisha kiti, akamwita mwalimu. Kingi alimwomba asimwite hivyo. Halafu, akitazama kitabu cha wageni, akasema alichokuja kusema: kwamba karatasi ile ilikuwa chini ya meza.

Mlinzi alimtazama kwa huruma, na huruma ya mtu uliyemfundisha kuruka kete ni mzigo.

"Mwalimu," alisema, "huko ndani hakuna asiyejua. Sisi sita tunajua. Mama mwenyewe alikuwa akifagia pale kila siku. Hata bosi anajua. Siku aliyokuja kutusalimu kalamu ilimdondoka, akainama kuiokota, akakaa chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji."

Kingi aliomba aandikwe kwenye kitabu cha wageni. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka mlango wa afisa.

Safari hii hakukaa kwenye kiti. Alisema kwamba amekuja kusema ukweli, kwamba karatasi aliipata, na kwamba mkewe hakusahau lolote.

"Ninajua," afisa alisema.

"Kwa nini hukusema siku ile ulipoiona chini ya meza?"

"Nilidhani umeisoma. Mama aliniambia unayo yote kichwani. Nilipokuuliza nilikuwa na hakika utasema uliipata ila uliona drafti ni ileile. Ningeandika hivyo, tungecheka, tungekwenda kufanya kazi."

Kingi alisema basi, kama ni hivyo, jina la mkewe lirudishwe, maana hakusahau.

Afisa alivua miwani kama siku ile. Hakuonekana kufurahia alichokuwa anakwenda kusema. "Mzee wangu, sikumwondoa kwa kusahau. Hiyo ni mizaha ya msimamizi. Kusahau kuna dawa, unampa mtu daftari. Nilimwondoa kwa sababu alisimama pale mlangoni akaniambia uongo usoni, kwa ajili yako, na hakupepesa. Stoo ina funguo. Siku utakapomwomba katoni moja, ataweza kukukatalia?"

"Mimi si mwizi."

"Sijasema wewe ni mwizi. Nimesema yeye hawezi kukukatalia. Na kama nilikosea kumpima hivyo, nimekosea, lakini ndivyo nilivyopima." Akavaa miwani. "Wewe huna kosa la kazi. Wewe si mfanyakazi wetu."

Kwenye korido alikutana na karani akiwa amekumbatia mafaili. Binti alisimama, akataka kusema kitu, kisha akampisha njia, akiwa amejibana ukutani kama kwa mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza au mwenye msiba. Kingi hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

*

Alifika nyumbani kabla ya mkewe na akakaa akimsubiri. Angeweza kumficha. Ndivyo mkewe alivyotaka, na kumficha kulikuwa na sura ya wema. Mwanamke angeendelea kuamini kwamba pale kiwandani yeye ni msahaulifu tu, angepanga foleni yake, angengoja mwaka kesho ambao hautakuja. Kingi alilipima jambo hili kutoka kila upande, kama alivyopima ubao, na kila upande aliona ni yeye tena anayenusurika.

Mkewe alipoingia, alimwomba akae. Kisha akamwita binti yao aliyekuwa akisoma chumba cha pili. "Njoo nawe usikie," alisema.

Akawaambia. Alianza na mguu wa meza. Binti aliposikia karatasi ilikunjwa mara nne, alimtazama mama yake, halafu akajitazama mikono, na hakuinua tena uso. Kingi aliendelea. Alisema kuhusu wachezaji sita, kuhusu kalamu, kuhusu funguo za stoo na swali la katoni moja. Hakuruka neno la afisa hata moja, na lile la kwamba yeye si mfanyakazi wao alilisema pia. Hakuomba msamaha, maana aliona kuomba kungekuwa ni kumtwisha mkewe kazi nyingine ya kumfanyia.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wote walikuwa wanajua," alisema hatimaye.

"Wote."

"Mimi nimesimama pale, navua glavu, nasema nilisahau, nilisahau. Na watu wanane wananitazama nikisema uongo."

"Saba," Kingi alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi sikukutazama." Hilo lilikuwa kweli, na kulisema kulimgharimu kuliko yote aliyoyasema siku hiyo. "Nilikuwa natazama sakafu."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa hesabu na kuikuta imekamilika. Alinyoosha mkono, akavichukua viatu vyake vya kazi, akaanza kuvipangusa kwa ajili ya kesho.

"Hiyo sakafu, ilikuwa safi?" aliuliza.

Binti yao alikuwa ameanza kulia kimyakimya.

"Ilikuwa safi," Kingi alisema.